Baraza la wahadhiri chuoni: viti vigawanywe vipi na uchaguzi uendeshwe vipi?

NyegeziKona

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na uendeshaji wa vyuo.

Chuo ni cha binafsi, hapa Mwanza. Wahadhiri wa kudumu ni 68 katika idara tano: Biashara 24, Elimu 19, Sheria 11, Habari na Mawasiliano 9, TEHAMA 5. Wa muda wapo 22. Bodi ya chuo imeridhia kuwe na baraza la wahadhiri, na kamati ndogo imepewa kazi ya kuandika kanuni kabla semesta ya kwanza haijaanza.

Rasimu iliyopo mezani inasema hivi: kila idara itoe wajumbe watatu, wakuu wa idara waingie kwa nyadhifa zao, naibu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma awe mwenyekiti, na ujumbe udumu mwaka mmoja. Idara ya Biashara tayari imeikataa, inasema inapunjwa. Wengine wanauliza baraza hili lina tofauti gani na chama cha wafanyakazi. Naomba mnisaidie mambo matatu: mipaka ya baraza, mgawanyo wa viti, na hatua za uchaguzi wenyewe. Mwenye rasimu nzuri ya vifungu asisite kuiweka.

Kifungu_kwa_Kifungu

Mkuu, anzeni na mipaka, maana mkikosea hapo hata uchaguzi safi hautawasaidia.

Neno la Kiingereza linalotumika huko lilikoanzia wazo hili, "faculty", lina maana mbili, na ndiyo chanzo cha mkanganyiko. Kwetu tumezoea kulitafsiri kitivo, yaani sehemu ya chuo yenye idara zake. Marekani wanalitumia zaidi kwa maana ya walimu wenyewe kama kundi. Kwa hiyo baraza la namna hii si bodi ya kitivo. Bodi ya kitivo inaongozwa na mkuu wa kitivo, inapitisha matokeo ya mitihani na kupeleka mambo Seneti, chombo kikuu cha taaluma chuoni. Baraza la wahadhiri ni chombo cha wawakilishi waliochaguliwa na walimu, kinachotoa kauli ya walimu mbele ya uongozi.

Mwaka 1966 jumuiya ya maprofesa wa Marekani, AAUP, pamoja na vyama viwili, kimoja cha vyuo na kingine cha bodi za uongozi, walitoa tamko kuhusu uendeshaji wa vyuo. Msingi wake ni mgawanyo wa madaraka: walimu ndio wenye wajibu wa kwanza katika mitaala, mbinu za kufundishia, utafiti, ajira na upandaji vyeo wa walimu, na maisha ya wanafunzi pale yanapogusa masomo. Bodi ina neno la mwisho, ila ikipinga kauli ya walimu katika maeneo hayo, ifanye hivyo kwa nadra na itoe sababu. Mabaraza mengi ya huko yamejengwa juu ya wazo hilo.

Kwetu kuna vyombo vingine vilivyokwishatangulia, na kanuni zenu zisivigonge. Kama ni chuo kikuu, Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, Sura 346, pamoja na Hati Idhini yenu, vinalipa Baraza la Chuo na Seneti madaraka yao. Baraza la wahadhiri haliwezi kuyachukua hata kidogo, linashauri tu. Kwa sababu hiyohiyo msiliite "Baraza la Chuo", jina hilo lina mwenyewe. Kama mko chini ya NACTVET, yaani baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, angalieni bodi yenu ya taaluma imepewa nini.

Kuhusu chama cha wafanyakazi: mishahara, saa za kazi na mkataba wa hali bora ni kazi ya chama kilichotambuliwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004. Baraza la wahadhiri likianza kujadiliana mishahara, linamega kazi ya chama, na mwajiri akitaka anaweza kuvigonganisha viwili hivyo. Andikeni kifungu kimoja cha wazi kwamba baraza halitafanya majadiliano ya pamoja, kisha mpeni katibu wa tawi nakala ya rasimu kabla haijaenda Bodi.

Pia msichanganye na baraza la wafanyakazi. Hilo linatokana na Agizo la Rais Na. 1 la mwaka 1970, liko kwenye taasisi za umma, na ndani yake wapo wafanyakazi wa kada zote. Lenu ni la wanaofundisha pekee.

Sasa rasimu yenu. Wajumbe 15 wa kuchaguliwa, wakuu wa idara 5, na naibu mkuu 1, jumla 21. Kati ya hao 21, sita ni uongozi, na mmoja wao ameshika kiti cha mwenyekiti na ajenda. Hapo mmeunda kikao cha menejimenti kilichopanuliwa. Naibu mkuu aalikwe, atoe taarifa yake mwanzoni mwa kikao na kujibu maswali, asipige kura. Mwenyekiti achaguliwe na wajumbe miongoni mwao.

Hesabu_Malimbe

Naingia kwenye viti. Biashara wana hoja. Viti vitatu kwa kila idara maana yake mjumbe mmoja wa Biashara anawakilisha watu 8, na mjumbe mmoja wa TEHAMA hawafiki watu 2. TEHAMA wako watano tu, watatu kati yao wawe wajumbe! Baada ya miaka miwili hakuna asiyepita.

Tumieni mgawanyo wa uwiano kwa masalio makubwa. Gawanya jumla ya wahadhiri kwa idadi ya viti upate kigawe, kisha gawanya kila idara kwa kigawe hicho. Namba nzima ndiyo viti vya kwanza, vilivyobaki wapewe wenye salio kubwa.

Jaribu viti 13. Kigawe ni 68 ÷ 13 = 5.23. Biashara 4.59, Elimu 3.63, Sheria 2.10, Habari 1.72, TEHAMA 0.96. Namba nzima zinatoa viti 10, vitatu vinabaki. Vinakwenda TEHAMA, Habari na Elimu. Matokeo: Biashara 4, Elimu 4, Sheria 2, Habari 2, TEHAMA 1. Hesabu iko sawa, lakini Biashara wenye watu 24 wamelingana na Elimu wenye 19, na Biashara wamekosa kwa salio la 0.59 dhidi ya 0.63. Mkipeleka hiyo kwenye mkutano, haitapita.

Sasa viti 14. Kigawe 4.86. Biashara 4.94, Elimu 3.91, Sheria 2.26, Habari 1.85, TEHAMA 1.03. Namba nzima zinatoa 11, vitatu vinavyobaki vinaenda Biashara, Elimu na Habari. Mnapata Biashara 5, Elimu 4, Sheria 2, Habari 2, TEHAMA 1. Kila idara iko karibu kabisa na haki yake. Kasoro pekee ni kwamba 14 ni shufwa, kura zitafungana 7 kwa 7. Basi ongezeni kiti cha 15 kwa wahadhiri wa muda, wale 22, wachague mmoja wao. Mmeua ndege wawili: baraza ni witiri, na watu wanaofundisha sehemu kubwa ya madarasa ya jioni wamepata sauti.

Andikeni kanuni ya kukokotoa, msiandike namba za viti. Mkiandika "Biashara viti 5", idara ikikua au ikigawanywa mtalazimika kubadili kanuni. Andikeni: "Viti 14 vitagawanywa kwa uwiano kila baada ya miaka miwili, kwa kutumia orodha ya tarehe 1 Oktoba, na hakuna idara itakayokosa kiti."

Jambo linaloleta ugomvi kuliko yote ni walioko masomoni. Vyuo vyetu vina wahadhiri wengi wanaosoma shahada za uzamivu nje ya kituo. Ushauri wangu: wahesabiwe kwenye mgawanyo kwa sababu bado ni waajiriwa wa idara ile, lakini wasigombee mpaka waripoti kazini. Vyovyote mtakavyoamua, amueni kabla hamjaona inamnufaisha nani. Elimu wakiondolewa watu sita walioko masomoni, viti vyao vinabadilika, na hapo kila mmoja atadai kanuni imeandikwa kumlenga yeye.

MwanaSensa

Naongeza kuhusu nani ni mpiga kura, maana hesabu nzuri juu ya orodha mbovu haina faida.

Orodha itoke ofisi ya rasilimali watu, isitoke idarani. Iwe na namba ya mtumishi, idara moja tu kwa kila mtu, na aina ya mkataba. Anayefundisha idara mbili apige kura kwenye idara inayolipia mshahara wake. Wakufunzi wasaidizi wawemo, wanafundisha na kusahihisha kama wengine.

Wakuu wa idara wapige kura lakini wasigombee. Sababu ni ya kawaida kabisa: ndio wanaojaza tathmini za utendaji na kupendekeza nani aongezewe mkataba. Mhadhiri mwenye mkataba wa miaka miwili hatasimama kugombea dhidi ya bosi wake, na hatampinga hadharani ndani ya kikao. Kuanzia mkuu wa kitivo kwenda juu, wasipige wala wasigombee.

Sanduku_Wazi

Hatua za uchaguzi. Nahesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kura.

Siku ya 28 kabla, orodha ya wapiga kura inabandikwa kila idara na kutumwa kwa barua pepe. Pingamizi zinapokelewa siku tatu, zinaamuliwa, orodha inafungwa. Baada ya kufungwa hakuna kuongeza jina, hata la mkubwa. Siku ya 24 fomu zinatoka. Fomu iwe na sahihi ya mgombea kukubali, mpendekezaji mmoja na wadhamini wawili wa idara hiyohiyo. Kwa TEHAMA wenye watu watano mdhamini awe mmoja, la sivyo mgombea mmoja anawamaliza karibu wote. Siku ya 14 ndiyo mwisho wa kurudisha, siku ya 12 majina yanatangazwa.

Kamati ya uchaguzi iwe ya watu watatu ambao hawagombei wala hawajadhamini mtu. Ofisi ya mkuu wa chuo itoe ukumbi na karatasi tu.

Wakati wa kufanya uchaguzi ni muhimu hapa kwetu kuliko watu wanavyodhani. Msifanye kipindi cha mafunzo kwa vitendo. Idara ya Elimu yote iko nje, huyu Magu, yule Kwimba, mwingine Ukerewe. Sengerema siku hizi kuna daraja la Kigongo–Busisi, mtu anaenda na kurudi siku hiyohiyo, ila Ukerewe kwa anayetokea mjini bado ni safari ya meli. Wiki ya tano au ya sita ya semesta ya kwanza ndiyo inafaa: ratiba zimetulia, majaribio hayajaanza.

Atakayesafiri apige kura ya awali kwa bahasha mbili. Karatasi inaingia kwenye bahasha ndogo isiyoandikwa kitu, hiyo inaingia kwenye bahasha kubwa yenye jina, namba ya mtumishi na sahihi juu ya gundi. Siku ya kura, kamati inakagua jina kwenye orodha, inafungua bahasha kubwa, inadondosha ile ndogo sandukuni bila kuifungua. Nimesisitiza "bila kuifungua" kwa sababu hapo ndipo siri huvuja, hasa kwenye idara ndogo.

Karatasi ya kura: nusu ya A4, rangi tofauti kwa kila idara, majina yapangwe kwa kura ya bahati, sio kwa alfabeti. Juu iandikwe kwa herufi kubwa "WEKA ALAMA KWA MAJINA YASIYOZIDI 3" au namba inayohusika. Nyuma sahihi za wajumbe wawili wa kamati. Aliyeweka alama chache kuliko anazoruhusiwa, kura yake ni halali. Aliyezidisha, imeharibika yote, msianze kuchagua alama zipi zihesabiwe.

Kuhesabu. Watu wamezoea kupanga karatasi mafungu kwa jina la mgombea. Hapa haiwezekani, karatasi moja ina majina mawili au matatu. Mmoja asome kwa sauti huku karatasi ikiwa imegeuziwa mawakala, wawili waandike vijiti kwenye fomu tofauti bila kutazamana. Kila baada ya karatasi 10 simameni, linganisheni fomu mbili. Zikipishana, rudieni hizo 10 tu. Mkisubiri hadi mwisho ndipo mlinganishe, mtarudia zote na mawakala wataanza kuwa na shaka.

Mgombea akiwa peke yake asipite bila kupingwa. Apigiwe ndiyo au hapana. Kura zikilingana kwenye kiti cha mwisho, kura ya bahati palepale mbele ya wagombea. Rufaa siku tatu za kazi, kisha karatasi zifungwe kwa lakiri na zihifadhiwe mpaka semesta iishe.

Kifungu_kwa_Kifungu

@Sanduku_Wazi umeeleza vema. Nafafanua hapo kwenye "namba inayohusika", kwa sababu ndiyo siri ya baraza zima.

Biashara wana wapiga kura 24 na viti 5. Mkimruhusu kila mtu aweke alama 5, kundi la watu 13 wakikubaliana orodha moja wanachukua viti vyote vitano, na watu 11 hawana hata mmoja. Punguzeni alama. Viti 5 alama 3, viti 4 alama 3, viti 3 alama 2, viti 2 alama 1. Hapo kundi la 13 litapata vitatu na la 11 litapata viwili.

Na mwaka mmoja ni mfupi mno. Mjumbe anajifunza semesta ya kwanza, anaondoka ya pili. Muda uwe miaka miwili kwa kupishana: uchaguzi wa kwanza, waliopata kura nyingi wakae miaka miwili, waliobaki mwaka mmoja. Biashara watatu miaka miwili na wawili mwaka mmoja, Elimu wawili kwa wawili, Sheria na Habari mmoja kwa mmoja, TEHAMA aanze na mwaka mmoja. Mnapata 7 na 7. Kiti cha wahadhiri wa muda kichaguliwe kila mwaka, kwa kuwa mikataba yao ni ya semesta. Kila mwaka viti 8 vinagombewa, wajumbe 7 wanabaki na kumbukumbu ya mambo yaliyo mezani.

Hesabu_Malimbe

Hapo kwenye kupunguza alama sikubaliani nawe moja kwa moja, ndugu yangu. Hoja yako inasimama kundi kubwa likijua hesabu. Kundi la 13 likiwa na tamaa, likasimamisha wagombea watano kwa alama tatu tatu, kura zao 39 zinatawanyika, wastani 7.8 kwa mgombea. Kundi la 11 likisimamisha watatu tu, kila mmoja anapata 11, na wachache wanachukua viti vitatu kati ya vitano. Mfumo huu unawapa nguvu wenye nidhamu ya makundi, nasi hatutaki kufundisha wahadhiri kupanga safu.

Mimi ningeutumia uchaguzi wa kwanza tu, ambako viti vyote vinagombewa kwa mkupuo. Baada ya hapo kupishana kwenyewe kunapunguza uwezo wa kundi moja kuzoa kila kitu.

NyegeziKona

Nawashukuru sana, wakuu. Mmenifungua macho kwenye viti 14 na kimoja cha wahadhiri wa muda, na hilo la mwenyekiti kuchaguliwa na wajumbe naamini litapita. Nina maswali mawili zaidi. Akidi iwe ngapi? Na baraza likishauri, uongozi ukikaa kimya, inakuwaje? Kwenye kamati hii ndiyo hofu kubwa, kwamba litakuwa baraza la kupeleka barua zisizojibiwa.

Mwandika_Muhtasari

Akidi ni 8 kati ya 15. Kosa la kawaida ni kuandika "nusu ya wajumbe waliohudhuria", ambayo haina maana kabisa, wawili wakihudhuria mmoja anatosha. Andikeni "zaidi ya nusu ya wajumbe wote walio na viti". Viti vilivyo wazi visihesabiwe, lakini visikae wazi: kikiwa kimebakiza zaidi ya miezi sita, uchaguzi mdogo ndani ya siku 30, kikiwa na chini ya hapo, aliyefuatia kwa kura amalizie. Kubadili kanuni zenyewe iwe theluthi mbili ya wajumbe wote, yaani 10, kisha Bodi iridhie. Asiyehudhuria vikao vitatu mfululizo bila taarifa ya maandishi amepoteza kiti, na katibu ndiye anayetangaza, isiwe jambo la kupigiwa kura na wenzake, maana wataoneana haya.

Kuhusu ukimya, dawa yake iko kwenye maneno ya kifungu. Msiandike "uongozi utazingatia ushauri wa baraza". Andikeni hivi:

"Kila azimio la Baraza litapewa namba na kuwasilishwa kwa Mkuu wa Chuo kwa maandishi ndani ya siku 5 za kazi. Mkuu wa Chuo atajibu kwa maandishi ndani ya siku 21, akieleza kulikubali, kulikubali kwa marekebisho, au kulikataa pamoja na sababu. Azimio lisilojibiwa ndani ya muda huo litaingizwa na Katibu wa Bodi kwenye ajenda ya kikao cha Bodi kinachofuata."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye meno. Hailipi baraza madaraka yasiyo yake, inahamisha tu karatasi kutoka meza moja kwenda nyingine bila kuomba ruhusa ya mtu. Bodi yenu ikiikataa sentensi hiyo, ombeni angalau mwenyekiti wa baraza aalikwe kila kikao cha Bodi na awe na nafasi yake kwenye ajenda.

Katibu atunze daftari la maazimio lenye safu tano: namba, tarehe, azimio, tarehe ya jibu, jibu. Ukurasa huo usomwe mwanzoni mwa kila kikao kabla ya yatokanayo. Muhtasari ubandikwe ndani ya siku 7 idara zote, isipokuwa mambo ya mtu binafsi.

Kingine ambacho rasimu haijagusa: kazi ya mwenyekiti na katibu inakula muda. Msiwalipe posho ya kikao, Bodi itaikata mwaka wowote fedha zikibana na baraza litadorora. Wapunguziwe somo moja kila semesta, na liandikwe kwenye mgawanyo wa masomo wa idara. Biashara wakisema hawana wa kuziba pengo, hiyo ni ishara kwamba mhadhiri wa muda mmoja aongezwe kwenye bajeti sasa, kabla uchaguzi haujafanyika.

NyegeziKona

Nimekuelewa mwalimu. Kifungu cha siku 21 nakipeleka kwenye kikao cha Jumatatu kama kilivyo. Swali dogo la mwisho: mjumbe pekee wa TEHAMA akiumwa au akisafiri, idara inakosa sauti. Aweze kutuma mwakilishi?

Mwandika_Muhtasari

Asitume amtakaye. Aliyeshika nafasi ya pili kwenye uchaguzi wa TEHAMA atajwe tangu siku ya matokeo kuwa mjumbe mbadala, jina lake liwe kwenye orodha ya katibu, na apokee ajenda zote kama wengine. Mjumbe akitoa taarifa saa 24 kabla ya kikao, mbadala anaingia, anapiga kura na anahesabiwa kwenye akidi. Kama mgombea alikuwa mmoja, idara ipige kura ya pili siku hiyohiyo kumpata mbadala, kwa karatasi zilezile za rangi yao. Chapisheni 12 za TEHAMA badala ya 6.